Usimpe mwanamke bastola nyepesi

Binti ya kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Malindi, na jioni ndiye anayefunga hesabu na kubeba mauzo. Wiki iliyopita leseni yake ya silaha ilitoka. Akaja kwangu baada ya alasiri, na hata chai hajaigusa akaniambia: "Shangazi, nishachagua. Kuna rivolva moja ndogo, nyepesi kama simu. Muuzaji kasema hiyo ndiyo ya kina mama."

Nilishtuka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2016, nikayaamini, nikalipa, na ikanichukua karibu miaka miwili kutambua kwamba nilichonunua hakinifai.

Ukitaja bastola Kenya, wengi wanawaza Ceska ya magazini, yaani yenye kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na sina ugomvi na anayeibeba. Mimi napenda rivolva, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, kwa sababu ya mikono yangu. Ya magazini inataka uvute chuma cha juu nyuma kwa nguvu ndipo risasi iingie chemba, pale inapolipukia, na risasi ikikataa kulia, uvute tena, labda gizani, labda mkono mmoja umeshikwa. Rivolva ikikataa, unavuta kifyatulio mara nyingine; silinda inazunguka, risasi nyingine inakuja mbele. Gharama yake naijua: zile ndogo nyingi zina matundu matano tu, na kuzijaza tena ni kazi ya polepole. Nimeikubali gharama hiyo.

Sasa huu wepesi. Chukua mfano wa kampuni ya Kimarekani ya Smith & Wesson, kwa kuwa umbo la rivolva ndogo za leo linatokana kwa sehemu kubwa na ile Chiefs Special waliyoitoa mwaka 1950. Wana 642, yenye bodi ya aluminiamu, uzito wake kama gramu 410. Wana 640, umbo karibu lile lile ila chuma kitupu, gramu 620 hivi. Ukizishika dukani, mkono wote utakwambia chukua ya kwanza. Lakini dukani hakuna risasi inayolia. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile. Chuma kikiwa chepesi, teke lote, ule msukumo wa kurudi nyuma risasi inapolia, linaishia kwenye kiganja chako.

Na teke ni nusu ya shida. Nusu ya pili inatokea kabla risasi haijatoka. Kifyatulio cha rivolva isiyo na nyundo ya nje kinataka nguvu ya kilo tano hivi kukivuta hadi mwisho, maana kidole hicho kimoja ndicho kinachoinua nyundo iliyofichwa ndani, ile inayogonga risasi ilie, na kuzungusha silinda. Kilo tano, juu ya kitu kisichofika nusu kilo! Kisiposhikwa sawasawa, mtutu unayumba, na mtutu wenyewe una urefu wa sentimita tano tu. Ukiyumba kidogo hapa, kule mbele risasi iko mbali na ulipokusudia. Bastola nzito inatulia. Uzito wake unamsaidia mwenye kidole dhaifu. Kwa hiyo huyo anayempa mwanamke mwenye mkono mdogo ile nyepesi kuliko zote anampa iliyo ngumu kuliko zote. Sisemi wanafanya kwa ubaya. Wengi wanarudia walichosikia.

Mimi nilikwenda na ile nyepesi yangu ya kwanza Mombasa kulenga shabaha, safari ya kilomita 120. Risasi tano za kwanza nilizimudu. Kufikia ya kumi, pale kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa panawaka. Kufikia ya ishirini nilikuwa nafumba macho kabla sijavuta. Nikarudi nyumbani, nikaifungia kwenye sefu, na mwezi ukapita, kisha mwingine. Nikawa na visingizio: biashara, mgeni, mvua. Ukweli ni kwamba niliogopa maumivu. Mtu anayeogopa kufanya mazoezi na silaha yake anatembea na hatari kiunoni, hatari kwake na kwa wapita njia. Nilipobadilisha nikachukua ya chuma, siku ya kwanza nilipiga risasi hamsini, na nilipomaliza nilitaka nyingine.

Hapo kuna jambo jingine wauzaji wanalipenda: nguvu. Watakwambia chukua ya .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi. Risasi hiyo ipo tangu mwaka 1935 na ni risasi nzuri, lakini katika mtutu mfupi namna hii ni kishindo na mwali wa moto, na risasi ya pili itachelewa. Kununua bastola ya .357 si kosa. Nyingine, kama Ruger SP101, ni nzito zaidi, gramu 700 na zaidi, na zinapokea .38 Special, risasi yenye nguvu ndogo zaidi, bila taabu. (Kinyume chake, .357 ndani ya bastola ya .38, hakiwezekani, tafadhali usijaribu.) Tia .38. Fikiria pia tunavyoishi: vyumba vya kupanga vilivyopakana, paa za makuti, watoto wa jirani wamelala upande wa pili wa ukuta. Risasi ikikosa ilipolengwa haiishii hewani. Itamkuta mtu.

Kuhusu kuibeba, sitaki hata kusikia habari ya mkoba. Najua ndipo wanawake wengi wanapoiweka, na najua kwa nini. Lakini mkoba ndicho kitu cha kwanza anachonyakua kijana wa pikipiki, na hapo umemkabidhi pesa na silaha kwa mkono mmoja. Mkoba unawekwa kwenye kiti msikitini, unaachwa kaunta, mtoto anaufungua akitafuta peremende. Silaha ikae mwilini. Mimi navaa suruali yenye mshipi mpana wa ngozi, juu yake buibui la kufunguka mbele, na bastola iko ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Kanga haibebi bastola, wala kikoi, hata ukikaze vipi. Hili nawaambia na wanaume. Na ndiyo maana nasisitiza nyundo iwe ndani. Nyundo ya nje itanasa kwenye kitambaa cha buibui wakati ule ule unaoihitaji. Nimejaribu nyumbani na bastola tupu, mara kumi. Ilinasa mara tatu.

Halafu kuna bahari. Hili halimo katika ushauri wa watu wa bara, na sisi hapa ndilo linalotumaliza. Upepo wa Malindi una chumvi, na jasho la kiunoni lina chumvi nyingine. Bastola nyeusi ya chuma cha kawaida inaanza kuota madoa mekundu kabla mwezi haujaisha. Smith & Wesson walitoa rivolva ya kwanza ya chuma kisichoshika kutu, Model 60, mwaka 1965, na kwa mtu wa pwani nadhani huo ndio mwaka muhimu kuliko hiyo mingine yote niliyoitaja. Hata hivyo jina lisikudanganye. Skrubu na springi za ndani zinakula kutu taratibu, na ala ya ngozi inakunywa jasho na kulitunza. Kila usiku natoa risasi, nafuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, naacha ala ipumue. Dakika tano.

Ya sheria ni machache. Leseni si mali yako. Desemba 2018 serikali ilipotutaka raia wote wenye leseni tuhakikiwe upya, nilisimama mbele ya maafisa nikaulizwa kwa nini nahitaji silaha, na nikaona ni haki yao kuuliza. Sefu iwe imefungwa ukutani. Usiioneshe mtu, si mumeo akiwa na wageni, si shoga yako. Asiyejua kwamba unayo hatakuja kuitafuta.

Binti yangu alinisikiliza yote, kisha akaniambia, "Lakini Shangazi, ile nzito itanichosha kiuno." Itamchosha, kweli, wiki mbili za mwanzo, mimi ilinichosha. Sikubishana naye. Ile yangu ya kwanza, ya gramu 410, mwenye nayo sasa ni mwanachama mwenzangu wa kulenga shabaha kule Mombasa, na amekubali kuja nayo. Jumamosi tunaondoka na matatu ya kwanza. Atapiga risasi ishirini kwa ile nyepesi mbele ya mkufunzi, atapumzika, kisha ishirini kwa yangu. Nimemwambia asimlipe muuzaji hata shilingi mpaka turudi.