Uzito wa throto ya Osprey kwenye simuleta si kasoro

Malalamiko kuhusu V-22 Osprey, tiltrota inayoelekeza rota zake juu ili kuelea na mbele ili kuruka kama ndege ya mabawa, ni yaleyale miaka nenda miaka rudi kwenye simuleta za urubani. Unasukuma throto, yaani wenzo wa nguvu, ndege haijibu. Unaongeza kidogo, bado. Unaongeza tena, inapaa kama imepigwa teke. Unarudisha, inashuka na haitaki kusimama. Upande mmoja unasema mfano wa ndege wa namna hiyo umetengenezwa vibaya, throto inatakiwa ijibu papo hapo. Upande mwingine unasema ndege ya tani 21 haiwezi kuelea kama droni, iachwe ilivyo. Hawa wa pili huchukuliwa kama watu wanaopenda kujitesa. Kumbe hesabu iko upande wao, ila mara nyingi hawaionyeshi.

Throto ya Osprey iko mkono wa kushoto na husukumwa mbele kuongeza nguvu, tofauti na wenzo wa helikopta unaovutwa juu. Haiongezi mzunguko wa rota. Mzunguko hushikiliwa na gavana, kidhibiti cha mzunguko, ambayo hubadili pembe ya mapanga ya rota ili nguvu ya injini iliwe bila rota kukimbia wala kuzubaa. Unachoamuru kwa mkono ni nguvu, na kutoka kwenye nguvu hadi futi kwa dakika unazoziona kwenye kipimo kuna hatua mbili ambazo haziwezi kurukwa: nguvu inazaa msukumo, msukumo unazaa mwendo.

Tuchukue Osprey yenye uzito wa paundi 47,500, yaani karibu kilo 21,500, ikielea juu kiasi cha kutosaidiwa na ardhi (karibu na ardhi rota hupata msukumo wa ziada). Rota zake mbili, kila moja yenye kipenyo cha mita 11.6, zinabeba takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba ya duara zinalofagia. Ni mzigo mkubwa. Ili kuubeba, hewa inayopita kwenye rota lazima isukumwe chini kwa mita 20 hivi kwa sekunde, na ikifika chini zaidi inakaribia mara mbili ya hapo. Ndiyo maana watu walio chini ya Osprey hushika kofia zao.

Sasa ongeza nguvu kwa asilimia 3 ya ile inayohitajika kuelea. Msukumo hauongezeki kwa asilimia 3 bali 2, kwa sababu nguvu inakua haraka kuliko msukumo. Asilimia 2 ya uzito ni mchapuko, yaani ongezeko la kasi, wa mita 0.2 hivi kwa sekunde mraba. Sekunde moja baadaye ndege imepanda sentimita tisa na kipimo cha kupanda kinasoma kama futi 35 kwa dakika, kiasi ambacho jicho kwenye skrini halikioni. Baada ya sekunde tano kinakaribia 130. Kitatulia karibu na 240, lakini baada ya robo dakika na zaidi. Yote haya yanatokea hata injini ikijibu bila kuchelewa hata kidogo.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Mrushaji anayesubiri sekunde moja na kuona sindano haijasogea huamini throto haijafika, akaongeza asilimia nyingine tano. Amri ya kwanza ilikuwa imeshafika na inaendelea kufanya kazi. Ya pili inapandia juu yake. Kinachoitwa kuchelewa kwa throto hapa ni muda wa tani 21 kugeuza mchapuko kuwa mwendo, na kwa ndege yenye rota ndogo zilizobeba mzigo mkubwa hewa yenyewe huzuia mwendo wa wima kwa udhaifu sana, kwa hiyo muda huo ni mrefu. Mtengenezaji anayeuondoa ili wateja wafurahi anaondoa kitu kikuu kinachoitofautisha Osprey na helikopta nyepesi.

Matokeo yake huonekana zaidi wakati wa kushuka. Punguza nguvu kwa asilimia 10 kutoka kwenye kuelea na, kwa hesabu hiyohiyo, ndege itajongea kuelekea futi 800 kwa dakika. Namba hiyo si ya kuchezea: ndiyo kikomo cha kushuka kilichowekewa Osprey inapokuwa na mwendo wa chini ya noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa. Tarehe 8 Aprili 2000 huko Marana, Arizona, Osprey ilishuka zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo ikiwa na mwendo mdogo wa mbele, rota moja ikazama kwenye hewa iliyovurugwa na rota yenyewe, ndege ikabiringika na wanamaji 19 wakafa. Kwenye helikopta ya rota moja hali hiyo huishusha ndege tu. Kwenye tiltrota rota moja inaweza kuingia kabla ya mwenzake, na aliyezoea kusahihisha kwa jostiki huiongezea pembe rota iliyo mbaya na kuharibu zaidi. Dawa yake ni kuinamisha naseli, yaani maganda ya injini yanayobeba rota kwenye ncha za mabawa, mbele kwa sekunde mbili hivi, rota zipate hewa safi.

Fikiria sasa uko kwenye futi 800 hizo na unataka kusimama. Ukirudisha throto pale pale ilipokuwa wakati wa kuelea, ndege haisimami. Inapunguza mwendo polepole na kuendelea kushuka mita 25 nyingine, msaada wa ardhi ukiuweka kando. Ili isimame ndani ya mita 8 inabidi uende asilimia 10 juu ya nguvu ya kuelea, ushikilie kwa sekunde nne na ushee, halafu urudishe kabla haijaanza kupaa. Aliyejifunzia kwenye mfano unaojibu papo hapo hajui kabisa kwamba kuna hatua hizo tatu. Atashuka futi 1,500 kwa dakika hadi karibu na paa la jengo, asukume throto, asimame, na aamini ameelewa Osprey.

Wanaolalamika nao wana hoja nzito, na iliyo bora kuliko zote inahusu injini. Wapo watengenezaji ambao, baada ya kusikia kwamba Osprey ni nzito, wameweka ucheleweshaji juu ya ucheleweshaji: wenzo unasogea, kipimo cha toku (nguvu ya kuzungusha rota) kinasubiri sekunde mbili au tatu ndipo kianze kupanda. Hilo ni kosa, na wanaolalamika wana haki. Kwa kawaida linatokana na jinsi mfano ulivyojengwa. Helikopta zenye fizikia yake zenyewe ziliingia Microsoft Flight Simulator Novemba 2022, na tiltrota haiingii sawasawa katika kundi lao wala la ndege za mabawa. Njia ya mkato ni kuanza na turbopropu, ndege ya injini ya tabo inayozungusha rafadha, na kuigeuzia injini juu. Turbopropu ya simuleta hupandisha toku taratibu, kisha gavana ya rafadha nayo hufuata taratibu, na kwenye barabara ya kurukia hakuna anayejali. Kwenye kuelea, sekunde hizo mbili zinajumlishwa na zile za uzito, na binadamu hawezi kuidhibiti ndege hiyo bila kuyumba juu chini.

Wahandisi wa tiltrota waliliona tatizo hili mapema. Kwenye XV-15, ndege ya majaribio iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1977, wenzo wa rubani uliongeza mafuta na pembe ya mapanga kwa wakati mmoja, gavana ikabaki na kazi ya kurekebisha. Mapanga yakiuma hewa mara moja, msukumo unapatikana kutoka kwenye nguvu iliyohifadhiwa kwenye mzunguko wa rota wakati injini inafuata. Rota hupungua mzunguko kidogo, kisha hurudi.

Kwa hiyo kabla ya kulaumu mfano wowote, upime. Panda futi 100 ukiwa na uzito unaoujua, utulie, usome toku. Ongeza wenzo kidogo mara moja, uuache, halafu tazama vipimo vitatu. Toku inapaswa kusogea ndani ya nusu sekunde hivi. Ikichukua sekunde mbili, injini ya mfano imelala. Mzunguko wa rota unapaswa kushuka kidogo na kurudi. Mzunguko ukipanda pamoja na throto, ndani kuna rafadha ya pembe isiyobadilika, na hapo hakuna mpangilio utakaokusaidia. Kipimo cha kupanda kinapaswa kuinuka polepole kwa sekunde nyingi. Kikiruka hadi 500 na kuganda, kuna nguvu ya bandia inayokuinua. Simuleta ya X-Plane, inayokokotoa hewa kwenye kila kipande cha panga, hufaulu jaribio la tatu bila kubembelezwa, mradi aliyeunda ndege hakukosea mbili za kwanza.

Hoja yao nyingine ni vifaa. Rubani halisi anahisi mchapuko mgongoni na anaona ardhi kwa pembeni ya jicho. Wa nyumbani ana skrini moja. Wenzo wa kawaida wa mezani una safari ya sentimita nane hivi, maana yake asilimia 3 ni milimita mbili na nusu, na wenzo ukiwa na msuguano wa kunata hauwezi kusogea milimita mbili. Unakataa, kisha unaruka tano. Juu ya hayo kuna ucheleweshaji wa picha. Kwa fremu 30 kwa sekunde, fremu tatu za kusubiri tayari ni milisekunde 100, wakati simuleta kamili za daraja la D, la juu kabisa, za kufunzia marubani huwekewa kikomo kikali cha kuchelewa kwa mfumo mzima. Ni kweli kabisa. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachotibiwa kwa kuipunguzia ndege uzito.

Kinachotibu ni kazi ya mikono. Kwenye Microsoft Flight Simulator, kitelezi cha wepesi wa mwitikio wa mhimili wa throto kiwe asilimia 100, maana chini ya hapo programu yenyewe inaulegeza mwendo wa wenzo wako. Chora mkunjo wa throto uwe bapa kwenye eneo la kuelea, kwa mfano kati ya asilimia 60 na 80 ya safari, ili milimita moja ibebe nguvu ndogo zaidi hapo. Naseli zisiwekwe kwenye vitufe vinavyoruka nyuzi tano tano: wakati wa kuelea, nyuzi moja inatoa mchapuko wa mita 0.17 kwa sekunde mraba kwenda mbele, na nyuzi tano ni karibu mita 0.85, ambayo si marekebisho tena. Gurudumu la kidole la Osprey huzungusha naseli kwa kasi isiyozidi nyuzi 8 kwa sekunde, kutoka sifuri hadi 97.5, na hizo saba na nusu zilizo nyuma ya wima ndizo za kufungia breki na kurudi nyuma bila kuinua pua.

Kuhusu mkao wa ndege, wanaotaka urahisi wako sahihi kuliko wanavyodhani. Osprey halisi hurushwa na kompyuta zinazotuliza pua na mabawa muda wote, kwa hiyo mfano unaobiringika kila ukiachia jostiki hauna cha kujivunia. Ajabu ni kwamba mifano mingi hugeuza mambo: huacha mkao utapetape, jambo ambalo ndege halisi hailiruhusu, na kuifanya throto iwe nyepesi, jambo ambalo fizikia hailiruhusu. Anayehitaji msaada wa wima apewe kishikilia kimo, chenye kitufe chake cha kuwasha na kuzima, kikifanya kazi juu ya ndege yenye tani zake zote. Akikizima, ardhi itakuwa bado mita 25 chini ya uamuzi wake wa mwisho.