Kasoro Iliyojulikana Tangu 2005

Oktoba 2016 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, aliingiza kiraka kifupi, yaani rekebisho la programu, cha kuziba kasoro ya usalama iitwayo Dirty COW kwenye kiini cha mfumo huo na kukiambatanisha na maelezo ya kweli kabisa: kasoro hii ni ya kale, yeye mwenyewe alijaribu kuiziba miaka 11 nyuma, akaiziba vibaya, kisha kiraka kikaondolewa kwa kuwa kilisumbua kompyuta kubwa za IBM. Wakati ule hatari ilionekana ya nadharia tu. Ikaachwa.

Kasoro yenyewe iko hivi. Programu ikitaka kuandika juu ya faili inaloruhusiwa kulisoma tu, Linux huipa nakala, kama karani wa masjala akupaye fotokopi uchorechore huku jalada lenyewe likibaki kabatini. Wadukuzi walicheza na muda: sehemu moja ya programu inaandika, nyingine inaamuru nakala itupwe, tena na tena, mpaka maandishi yanatua kwenye faili halisi. Hapo mtumiaji wa kawaida anajipa mamlaka yote ya mashine. Mifumo ilivyoendelea kubadilika, mwanya huo ukawa rahisi kuupata. Phil Oester, aliyeifichua kasoro hiyo, aliikuta tayari inatumika katika shambulizi.

Simlaumu Torvalds, wachache hukiri hadharani namna ile. Kinachoniuma ni kwamba kasoro ilijulikana, na hakuna aliyepewa kazi ya kuirudia. Hata kiraka cha 2016 kilikuwa na upungufu, na mwishoni mwa 2017 kikahitajika kingine.

Halafu kuna simu. Android imejengwa juu ya Linux, na mwaka 2017 programu hasidi ya ZNIU ilitumia Dirty COW kuvamia simu. Kiraka kilikuwepo, lakini simu nyingi za bei nafuu hazikukipata kamwe, kwa sababu mtengenezaji alishazisahau. Simu za namna hiyo ndizo tunazowekea pesa zetu huku kwetu, na dukani hakuna anayekuambia masasisho yatakoma lini.

Uingereza, tangu Aprili 2024, inawalazimisha watengenezaji kutangaza muda huo. TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, mamlaka za mawasiliano, huidhinisha aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Nataka wadai tarehe hiyo iandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.