Land Rover 109 ikikata ekseli: tutengeneze difu au tubadilishe?

Land Rover 109 ikikata ekseli, hukumu hutolewa pale pale barabarani, kabla hata jeki haijatolewa. Difu hii mbovu. Itupe, weka Salisbury, ile difu nzito zaidi. Nimeisikia hukumu hiyo miaka mingi, na masika iliyopita niliisikia tena nikiwa nimesimama katikati ya korongo, njia ya Engaruka kwenda Mto wa Mbu, na gunia za mahindi nyuma yangu. Abiria wote walikuwa wameshageuka mafundi.

Niweke maneno sawa kwanza. Gereji zetu zikisema difu, mara nyingi zina maana ya mhimili mzima wa nyuma, na ekseli ni ule mti wa chuma unaotoka kwenye difu kwenda kwenye tairi. Gari langu ni Series III, yaani toleo la tatu la Land Rover za Series, ya petroli, injini ya 2.25, na difu yake ni ile ya zamani ya Rover. Matoleo ya baadaye ya 109 yalitoka kiwandani na Salisbury, ndiyo maana watu huitaja kama dawa: si kitu cha kubuni, ni kifaa ambacho kiwanda chenyewe kiliamua kukiweka chini ya gari hili hili.

Hoja ya kubadilisha ina uzito, na anayeibeza hajawahi kubeba mzigo. Salisbury ni ndugu wa Dana 60 ya Marekani, mhimili wa magari mazito. Kraunwili yake, gia ya duara inayozungusha ekseli, ni kubwa, ekseli zake ni nene, na nyumba yake ni chuma kizito. Mtu anayesomba abiria na mizigo ya mnada kila wiki, akizidisha tani moja ambayo gari lilikusudiwa kubeba, haombi anasa akitaka difu hiyo. Anaomba kulala nyumbani. Ekseli ya Rover ina meno kumi tu upande unaoingia kwenye difu, na sifa yake ya kukatika haikuzushwa na wapinzani wa Land Rover. Wenye Land Rover wenyewe ndio walioieneza.

Hata hivyo, nadhani wanaotetea kutengeneza hawajasikilizwa vya kutosha, na sababu ninaijua. Matengenezo mengi tunayoyaona si matengenezo. Ekseli inakatika, linatafutwa gari lililokufa nyuma ya gereji, linachomolewa ekseli, inapachikwa, oili inajazwa, safari. Miezi mitatu baadaye inakatika tena, na lawama zinabebeshwa difu.

Pale korongoni tulifungua boliti sita za habu, kitovu cha tairi. Ndizo zinazoshika ekseli, basi. Tairi halikung'oka na gari halikuinuliwa, kwa sababu kwenye difu hii uzito wa gari unabebwa na habu na beringi zake, na kazi ya ekseli ni kuzungusha tu. Kipande cha nje kikatoka mkononi. Tukafunika tundu la habu kwa kipande cha mpira wa tyubu tulichokikaza na waya ili mchanga usiingie, nikakandamiza kirungu cha njano, kile cha kuunganisha tairi za mbele, tairi za mbele zikashika, tukaenda. Hatukwenda kwa fahari, lakini mahindi yalifika.

Kesho yake kisiki kilichobaki ndani kilipotolewa, nilikiweka kwenye kiganja nikakiangalia kwenye mwanga. Meno yake hayakuwa yamenyooka. Yalikuwa yamejipinda kama kamba iliyosokotwa, na mpindo wenyewe ulikuwa na kutu ya siku nyingi. Mkato mpya ulikuwa unang'aa robo tu ya duara. Sehemu nyingine ilikuwa nyeusi, ufa wa zamani ulioshiba oili. Maana yake ekseli ile haikukatikia Engaruka. Ilianza kukatika muda mrefu kabla, labda kabla gari halijawa langu, na korongo lilimaliza tu. Tairi lilizunguka bure kwenye mchanga, likagonga jiwe likashika ghafla, na nguvu yote iliyokuwa inapotea ikarudi kwenye chuma kilichokwisha kuchoka.

Kwa hiyo swali la kwanza si difu ipi ni imara zaidi. Ni kwamba hii iliyopo imevunjwa na nini. Kama meno yamejipinda, ilikuwa inakuonya na hakuna aliyefungua kuangalia. Kama beringi ya pinioni, gia ndogo inayosukuma kraunwili, imelegea, difu ilikuwa inalia kwa muda na tukaongeza sauti ya redio. Kama oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji ya mtoni yaliingia na yakaachwa humo. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na Salisbury. Salisbury yenye maji ndani nayo hufa, ila inachukua muda mrefu zaidi na inakugharimu zaidi.

Kutengeneza kwa maana ninayoitetea mimi ni hivi: ekseli zote mbili mpya, si moja, kwa sababu ya upande wa pili imepitia makorongo yale yale. Beringi na oilsili zote. Pinioni ipimwe kukaza kwake, na kraunwili ipakwe rangi ili fundi aone meno yanagusana wapi. Hapa ndipo difu ya Rover inaposhinda bila kelele. Ukishachomoa ekseli na kufungua propela, mti unaoleta nguvu kutoka upande wa giaboksi, nati kumi zinaachia, na kitu kizima kinatoka kwa mbele, kinakwenda mezani. Fundi anakifanyia kazi akiwa ameketi, kwenye mwanga, mikono safi. Salisbury haitoki hivyo. Unafungua kifuniko cha nyuma na kazi yote inafanyika chini ya gari au mhimili mzima ukiwa umeshushwa, na nyumba yake inatakiwa itanuliwe kwa kifaa maalumu ndipo kraunwili itoke na shimu, vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, zipangwe. Gereji ngapi kati ya Arusha na Karatu zina kifaa hicho? Nimeona mafundi hodari wakitumia nyundo na mtaimbo mahali pake, na nimeona matokeo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kuliko yote, nalo ni namba mbili: 4.7 na 3.54.

Difu ya Series, iwe Rover au Salisbury, ina uwiano wa 4.7. Propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. Salisbury za Land Rover 110, gari lililoanza mwaka 1983, zina 3.54. Na zinazopatikana kwa urahisi leo kwenye magari yanayokatwa spea ni hizo za 110, kwa kuwa ni changa zaidi na zilikuwa nyingi. Mtu anapewa bei nzuri, anaambiwa ni Salisbury, na kweli ni Salisbury. Vikalio vya springi vinakatwa na kuchomelewa upya maana 110 inakaa kwenye koili na 109 kwenye springi za majani. Propela inafupishwa kwa kuwa pua ya Salisbury ni ndefu. Gari linatembea barabarani vizuri ajabu, hata mbio limeongeza. Fundi analipwa, kila mtu anafurahi.

Kisha mvua inanyesha. Udongo wa mbuga unageuka gundi, dereva anavuta kirungu chekundu kutafuta gia nzito, na kwenye Series gia nzito huja pamoja na tairi za mbele, utake usitake. Mbele bado kuna 4.7, nyuma kuna 3.54. Kila tairi la mbele linapozunguka mara moja, la nyuma linadaiwa lizunguke mara moja na theluthi. Theluthi nzima! Kwenye utelezi tairi zitaburuzana na gari litapita kwa shida. Likishapanda tu penye mawe au udongo mkavu, hakuna kinachoteleza, na ugomvi wote unahamia ndani: propela, gia za kugawa nguvu, ekseli za mbele. Aliyeweka difu imara ili gari lisimwache porini, sasa ana gari lisiloweza kutumia miguu minne porini.

Dawa yake ni kubadilisha na mbele iwe 3.54. Hapo gari linapoteza pumzi. Gia ya kwanza nzito ya Series III, ukizidisha 3.68 ya giaboksi kwa 2.35 ya kugawa kwa 4.7 ya difu, unapata kama 40.7. Ukiweka 3.54 inashuka hadi 30.6. Injini ya 2.25 yenye mzigo, mlimani, italitambua pengo hilo kabla ya dereva.

Hesabu hiyo hiyo lakini ndiyo inayonilazimisha kukubali mahali ambapo watetezi wa kubadilisha wana haki kamili. Injini ya petroli ya 2.25 inatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 161 hivi. Zidisha kwa 40.7, achilia mbali kinachopotea njiani, unapata kama 6,500 zinazogawiwa tairi. Wengi wameshatoa injini hiyo wakaweka 300Tdi ya dizeli, nyutonimita 265, wakabakiza giaboksi ile ile. Sasa ni karibu 10,800. Ni nyongeza ya asilimia 65 juu ya ekseli ya meno kumi iliyopimwa kwa ajili ya injini nyingine. Kwa gari la namna hiyo, kurudishia ekseli ya Rover kila inapokatika ni kujitesa, na mimi nisingemshauri mwenye nalo afanye hivyo. Atafute Salisbury, lakini ile ya 109 yenyewe, yenye 4.7 na vikalio vyake vya springi za majani, hata ikimchukua miezi. Na ajue kwamba kinachofuata kwa udhaifu sasa ni giaboksi. Nguvu iliyokuwa inaishia kwenye ekseli haipotei, inatafuta pengine pa kutokea, na ekseli hutolewa kwa boliti sita, giaboksi haitolewi hivyo.

Kuna pia wanaotaka njia ya kati: difu ya Rover ibaki, ndani iwekwe kifungo cha hewa, kama vile ARB ya Australia, ili tairi zote mbili za nyuma zizunguke pamoja. Kwenye matope ni kitu kizuri mno. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu nusu kwa nusu, haiwezi kuupa upande mmoja zaidi ya mwenzake. Ukiifunga, na tairi moja likawa hewani, lililoshika linaweza kupokea nguvu yote. Ukiweka kifungo ukaacha ekseli za meno kumi, umeongeza mara mbili mzigo wa kitu kile kile unachokilalamikia. Kifungo na ekseli nene ziingie siku moja, au visiingie kabisa.

Gari langu nimelitengeneza. Injini ni ile ile, mzigo sijauongeza, na niliuweka udhuru wa korongo pembeni nikalipa ekseli mbili, beringi nne za difu, oilsili na oili ya 90. Fundi aliniita nije nione rangi kwenye meno ya kraunwili kabla hajaifunga. Ilikuwa imekaa katikati ya jino, mviringo mdogo wa samawati, jino baada ya jino. Boliti za habu nilizikaza mwenyewe. Nimempa dereva sharti moja: tairi likianza kuzunguka bure, aondoe mguu kwenye mafuta, ashuke, achimbe.

Jirani yangu mwenye 300Tdi yuko njia nyingine, na namsaidia kutafuta. Wiki jana tulipigiwa simu kuna Salisbury imepatikana, bei ya kirafiki. Tulizungusha flanji ya propela kwa mkono, tairi zote mbili zikiwa huru na chaki kwenye nyumba ya difu, tukahesabu mizunguko hadi tairi zilipomaliza mzunguko mmoja. Ilipita kidogo mitatu na nusu. Tukamshukuru mwenye mali, tukaondoka.