Fimbo Mkononi mwa Mungu: Je, Ashuru Haikuwa na Hatia?

Mara nyingi utawala unapobadilika, waumini hutaja Danieli 2:21, kwamba Mungu ndiye huwauzulu wafalme na kuwatawaza wengine. Neno hilo naliamini kwa moyo wote. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata, ambayo wengi huichukua bila kuipima: kwamba aliyewekwa na Mungu haulizwi anachotenda.

Tuanze na Isaya 10, ambapo nabii anaiita Ashuru, dola iliyokuwa na nguvu wakati huo, fimbo ya hasira ya Bwana. Ili tuelewe uzito wa maneno hayo, yafaa tuitazame fimbo yenyewe. Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda na kuuteka mji wa Lakishi, kisha akaagiza ushindi huo uchongwe kwenye mawe ya jumba lake la Ninawi, na mawe hayo sasa yamo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Humo wanaonekana watu waliotundikwa juu ya miti, na familia zinazotoka mjini kwenda uhamishoni, wanawake na watoto wakiwa wameketi juu ya mizigo katika magari yanayokokotwa na ng'ombe. Ni vigumu kuwatazama watoto wale kisha ukasema tu kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, ukaishia hapo.

Wanaotetea mamlaka kamili ya Mungu wana hoja nzito: akiwapo mfalme hata mmojawapo aliye nje ya mpango wake, basi Mungu si Bwana wa historia. Wanaowapinga huuliza jinsi shoka linavyoweza kuhukumiwa kwa kukata, ilhali mkono ulioshika mpini ni wa mwingine. Isaya analijua swali hilo, maana mfano wa shoka ni wake mwenyewe (10:15), lakini anakataa kumwondolea mfalme hatia. Katika mstari wa 7 anasema kwamba Ashuru haikukusudia alichokusudia Mungu. Moyoni mwake ilitaka kuangamiza mataifa, wala si machache. Tendo ni moja, nia ni mbili, na katika mstari wa 12 mfalme anaadhibiwa kwa ile iliyokuwa yake. Jinsi nia hizo mbili zinavyokaa pamoja nabii haelezi, nami sioni kwamba tumepewa kulijua hilo.

Pingamizi lililo gumu zaidi linamhusu Koreshi wa Uajemi, aliyeuteka Babeli mwaka 539 KK. Isaya 45 inamwita masihi, yaani mpakwa mafuta, wa Bwana. Hata hivyo, mwaka 1879 katika magofu ya Babeli ulipatikana mche duara wa udongo wenye maandishi yanayosema kwamba aliyemchagua Koreshi ni Marduki, mungu wa Babeli. Je, si kweli basi kwamba kila watu humhesabia mungu wao ushindi uliokwisha kutokea? Hoja hii haifai kupuuzwa. Lakini tuangalie ni nani anayesema. Maandishi ya udongo ni sauti ya mshindi anayejitukuza, na hayawataji Wayahudi hata mara moja. Maneno ya Isaya yanawaendea mateka wa Kiyahudi huko Babeli, wasio na jeshi wala hekalu, na hayamsifu Koreshi kwa wema wake. Yanasema ameshikwa mkono na Mungu asiyemjua. Mtu hatungi sifa za namna hiyo ili kumpendeza mfalme.

Ndiyo maana siafiki Warumi 13, isemayo kwamba mamlaka yote yametoka kwa Mungu, isomwe peke yake, kana kwamba nabii Habakuki hakuwahi kuandika. Yeye aliambiwa waziwazi kwamba Wakaldayo, yaani Wababeli, wameinuliwa na Mungu, na bado akasimama kwenye zamu yake akiuliza kwa nini mwovu anammeza aliye mwenye haki kuliko yeye. Hakukemewa kwa kuuliza. Alijibiwa kwa mfululizo wa ole juu ya Wakaldayo haohao, mmojawapo ukimhusu yeye ajengaye mji kwa damu.