Mwezi Unavyomtoa Jasho Hamali wa Likoni

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta beseni langu kubwa la kufulia liko katikati ya baraza, limejaa maji, na sufuria yangu ya lita 2 inaelea ndani yake. Binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, alikuwa amepiga magoti mbele ya wenzake watano, mkononi kashika paketi za chumvi za nusu kilo alizozitoa jikoni.

"Shangazi usikasirike, tutazirudisha," aliniambia, kisha akawageukia wenzake. "Haya, semeni. Paketi ngapi ndipo izame?"

Mmoja alisema mbili, mwingine tano. Akatia ya kwanza, sufuria ikashuka kidogo. Ya pili. Alipotia ya tatu, ukingo ulibaki juu ya maji kwa upana wa kidole kimoja tu, na watoto wote wakazuia pumzi. Ya nne haikukaa hata sekunde mbili. Maji yaliingia upande mmoja na sufuria ikaenda chini, chumvi na vyote.

Hapo kijana mmoja wa Mtongwe, ambaye muda wote alikuwa kimya, alichukua daftari. Sufuria yenyewe gramu 300. Paketi tatu ni kilo 1.5. Jumla kilo 1.8. Lita 2 za maji ni kilo 2. "Inaelea kwa sababu inasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake," alisema polepole, kama anayejisomea mwenyewe. "Lakini hii haiwezi kusukuma zaidi ya lita 2. Tukitia ya nne tunataka isukume lita 2.3, nayo haina nafasi hiyo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo feri."

Ndiyo feri yetu ya Likoni, inayotuvusha kwenda kisiwani Mombasa. Ndiyo na daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwepo kabla ya hili la 1980, lililoelea juu ya maboya na wazee wetu wakalipita na magari. Jambo alilolieleza Archimedes, mtaalamu wa hisabati wa Kigiriki, kule Sirakusa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kijana huyu alikuwa amelikariri kwa Kiingereza tangu mwaka jana na akalipatia alama kwenye mtihani. Lakini alilielewa Jumamosi ile, barazani kwangu, aliposhikishwa na msichana wa rika lake.

Nimelifikiria sana jambo hili, na msimamo wangu ni huu. Wanafunzi kufundishana fizikia kusichukuliwe kama kiraka cha kuzibia upungufu wa walimu. Ni njia kamili ya kujifunza, na kwa mada nyingi ni bora kuliko mwalimu kusimama mbele na chaki. Anayejua kitu kwa miaka 20 ameshasahau kilipomkwaza. Aliyekielewa juzi bado anakumbuka vizuri, na anajua mwenzake atakwama wapi. Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliliona hilo kwa wanafunzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, akabadilisha namna ya kufundisha: anatoa swali, kila mmoja anajibu, kisha wanageukiana kubishana na jirani zao, halafu wanajibu tena. Kama Harvard, penye kila kifaa, waliona haja ya wanafunzi kuelezana, sioni kwa nini hapa mwanafunzi anayemnong'oneza mwenzake aitwe mpiga kelele.

Mimi fizikia niliiacha kidato cha pili. Mwalimu wetu alisimama akasema wasichana wachague biolojia wasije wakashusha wastani wa shule, nasi tukachagua. Hakuna aliyetuuliza kama tunaipenda. Sikuwa na mwenzangu hata mmoja wa kuniambia, njoo tukae, hili si gumu. Naliandika hili kwa uchungu, maana ninavuka feri kila siku kwenda kazini na kwa miaka mingi nilikuwa napita juu ya fizikia bila kuiona.

Chukua bamvua. Mtoto yeyote wa pwani analijua neno hilo kabla hajaingia darasani. Babu anamwambia leo bamvua, maji yatajaa sana na yatakupwa sana, usichezee ufukweni. Na baada ya wiki moja anamwambia sasa ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Kitabu cha shule hakimuulizi kuhusu bamvua. Binti yetu ndiye aliyewauliza wenzake: bamvua huja mwezi ukiwa vipi? Wakajibu pamoja, mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Basi, akawaambia, nyakati hizo jua, dunia na mwezi vimepangana mstari mmoja, na mvutano wa jua unajumlika na ule wa mwezi. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi havivuti kwenye mstari mmoja, na hayo ndiyo maji mafu. Elimu ya babu na elimu ya shule zilikutana, na hakuna iliyoidharau nyingine.

Kisha wakaendelea mpaka gatini, na hapa ndipo nilipokaa chini nikasikiliza. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 3. Feri inatua chini kabisa ya mteremko. Hamali mwenye mkokoteni wa kilo 200, mzigo na mkokoteni wenyewe, anatakiwa kuupandisha mita 3 zaidi ya alivyofanya alfajiri maji yalipojaa. Vijana walipiga hesabu: kilo 200, mara 10 ya mvutano wa dunia, mara mita 3, ni jouli 6,000 za ziada kwa safari moja, jouli ikiwa kipimo cha kazi. Mwezi ndio unaomtoa jasho. Mmoja akakumbuka kwamba mahamali hawapandi moja kwa moja, huenda mshazari, mara kulia mara kushoto. Njia inarefuka, nguvu ya kusukuma inapungua, na kazi inabaki ileile. Yule mzee anayepaza sauti "pisha! pisha!" anaijua sura nzima ya kitabu kwa mabega yake.

Najua jibu la walimu: watoto watapotoshana. Ni kweli, na nimeliona. Kuna wiki moja wote waliandika kwamba mtungi hupoza maji kwa sababu udongo ni baridi kwa asili yake. Alisema mmoja kwa kujiamini, wengine wakanakili. Wiki iliyofuata msichana mwingine akauliza, mbona mtungi wa bibi uliopakwa rangi ya mafuta haupozi? Walichukua chupa mbili za plastiki, moja wakaizungushia kitambaa kibichi, wakaziweka dirishani penye upepo. Baada ya saa moja kila mtu aligusa. Maji yanayopenya vitundu vya mtungi na kukauka huondoka na joto. Ukiziba vitundu kwa rangi, umeua mtungi. Mwalimu angewasahihisha kwa dakika moja, nao wangesahau kwa dakika mbili. Lakini nakubali kwamba anahitajika mtu mzima mwenye ujuzi wa kupita na kusikiliza. Apite, asikilize, aulize swali moja, aondoke.

Kuna kosa moja ambalo halifai kusubiri wiki, nalo ni umeme. Nyumba nyingi za mitaa yetu zina tundu moja la ukutani na ekstensheni inayolisha chumba kizima. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja ni wati 3,200. Gawanya kwa volti 240, unapata zaidi ya ampea 13, wakati plagi yenyewe imeandikwa 13. Na ekstensheni za bei rahisi zina waya mwembamba usiofika hata hapo. Waya unapata moto ukiwa umeviringishwa chini ya zulia, na nyumba imelala. Mtoto aliyemweleza mwenzake hesabu hii hawezi kumwangalia mama yake akichomeka vyote viwili akanyamaza. Wetu hakunyamaza, na sasa jikoni kwangu pasi inasubiri birika limalize.

Ninachoomba kwa shule zetu ni kidogo: kipindi kimoja kwa wiki ambapo meza zinageuzwa, maabara inaachwa wazi, na watoto wanaruhusiwa kuelezana kwa Kiswahili, hata kama mtihani utaandikwa kwa Kiingereza. Ukishalielewa jambo kwa lugha unayoota nayo, kulivusha kwenda lugha ya karatasi ni kazi ya jioni moja.

Mwezi mpevu unakaribia. Vijana wameshaniomba futi ya kupimia ya fundi wa jirani, na wamepanga kuteremka ufukweni saa nne, maji yakiwa yamekupwa, wapime mpaka alama ya maji ya alfajiri. Kijana wa Mtongwe ndiye atakayeongoza safari hii.