Mafundi watatu na dumu la kunawia

Naomba nianze kwa kujitetea. Maandalizi nilifanya. Asije mtu akaniambia "ungejiandaa", nilijiandaa wiki tatu nzima mpaka mama watoto akaniuliza kama naenda Njombe kumsalimia bibi au ndo nahama.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL 125 ya 1984, mnazikumbuka, zile ndefu zenye madigadi juu juu walizokuwa wanapanda mabwana shamba enzi sisi tuko shule ya msingi na tunazikimbiza kwa nyuma. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Kibaha, ilikuwa imekaa miaka sita kwenye banda la kuku, na siku ya kwanza napiga kiki ekzosi ilitema manyoya. Sitanii, manyoya.

Sasa kutoka Dar mpaka Njombe ni kilomita 700 hivi, kwa hiyo nikaishughulikia kweli kweli. Oili mpya 20W-50. Cheni mpya na sproketi zote mbili mpya, maana ukifunga cheni mpya kwenye sproketi iliyokwisha meno unaitafuna cheni tu. Breki shuu mpya mbele na nyuma. Spoku nilizigonga moja moja kwa spana, inayolia "ting" nzima, inayolia "dub" imelegea, naikaza, mtoto wangu wa mwisho akadhani baba kajiunga na bendi. Plagi nimepima uwazi wake kwa kipande cha msumeno wa chuma kama tulivyofundishwa na wazee. Waya wa klachi nilinunua wa pili nikaupitisha sambamba na ule wa kwanza, nikaufunga hapo hapo, ili ukikatika porini nabadilisha ncha tu sihangaiki kuvua tenki usiku (hii ichukueni, ni bure). Nyuma nimefunga mzigo kwa mipira ya tyubu la lori, tyubu za spea mbili, pampu, plagi tatu, spana, bisibisi, plaiya na waya wa kufungia mageti ambao fundi yeyote wa kweli anao.

Shida ilikuja usiku wa mwisho. Kila kitu kimeisha, sina cha kufanya, na spana bado iko mkononi.

Nikaanza kuuangalia mfuniko wa tenki. Huu mfuniko ulikuwa unanikera siku nyingi maana kila nikiruka shimo petroli inachuruzika inanilowesha suruali, na pale katikati, sehemu huwezi kujielezea mbele za watu. Na Desemba ile mvua Iringa zilishaanza, nikawaza maji yakiingia humo nimekwisha. Nikaugeuza, mpira wake umeoza. Juu nikaona na kitundu kidogo hivi, kama kimechomwa sindano. Nikasema ahaa, kutu hii, ndo inaponivujishia. Basi nikakata mpira mzuri wa mviringo kutoka kwenye tyubu la lori, ukakaa kama umezaliwa nao, na kile kitundu nikakiziba na ile gundi ya chuma ya kuchanganya mbili. Ikakauka. Nikailaza pikipiki ubavu na tenki limejaa. Hata tone. Nikamwamsha mama watoto aje aone. Akaja, akaangalia, akasema hongera, akarudi kulala.

Nikaondoka saa kumi alfajiri. Mpaka Kibaha mashine inaimba, mwendo wa foleni na mataa, sina wasiwasi. Baada ya Kibaha barabara ikafunguka kidogo nami nikavuta mafuta, nikaona raha, nikaanza na kuimba, na pale karibu na Mlandizi ikaanza kukohoa, ikajikongoja, kimya.

Akaja kijana wa bodaboda anayejua ufundi, heshima zote. "Braza, mafuta yapo?" Nikamwambia nimejaza juzi mpaka shingoni. Hakuniamini, kila fundi haamini, akaushika mfuniko akaufungua, na mfuniko ukalia FYUUU, kama mtu anayevuta kamasi. Akachungulia, akatikisa, mafuta yapo. Mimi kwa majivuno yangu nikamwambia "umesikia huo mlio? Ndo unavyobana, nimetengeneza mwenyewe." Akasema "umebana kweli bro." Akatoa plagi, akaisugua na msasa, akairudisha, kiki moja, ikawaka. Elfu tano. Nikaondoka namsifia.

Ikazima tena kabla ya Chalinze. Nikafungua mfuniko, fyuu, mafuta yapo, nikabadilisha plagi mwenyewe, ikawaka. Nikajiambia ile plagi ilikuwa imeshakufa. Ikazima tena mbele ya Mikese. Fyuu. Mafuta yapo. Nikabadilisha plagi. Ikawaka! Kufika Morogoro plagi zote mbovu kwa hesabu zangu, na kumbe zote nzima.

Morogoro, pale Msamvu, nikampata mzee mmoja, fundi wa zamani, ana miwani imefungwa kwa uzi, hawa ndo nawaamini. Akafungua mfuniko (fyuu), akachungulia, akaurudisha, akaisikiliza ile pikipiki bila kuiwasha kwa muda mrefu sana, kisha akasema neno moja. "Kabureta." Akaifungua yote kwenye gazeti, akatoa jeti akaipuliza kwa mdomo, akaitazama kwenye jua, akaipuliza tena. Mle kabureta kulikuwa kusafi hata yeye alionekana kusikitika. Akafunga, kiki moja, ikawaka, tukapeana mikono. Elfu kumi na tano. Akaniambia "mwanangu hii sasa utafika mpaka Zambia."

Nilifika Mikumi. Tena sio mjini, hifadhini, katikati ya zile kilomita 50 ambazo barabara inakatiza mbugani, kuna mabango ya faini za kugonga wanyama, twiga ana bei yake, nyani ana bei yake, lakini hakuna bango linalosema mnyama akikugonga wewe unalipwa shilingi ngapi. Ikazima hapo. Kimya kile sijawahi kukisikia. Pembeni ya lami kuna kinyesi cha tembo bado kinafuka moshi, naapa. Nikaanza kuisukuma huku nasoma dua zote ninazozijua na nyingine za dini ya jirani. Nyani wakaja, wamekaa barabarani kama wazee wa baraza, mmoja mkubwa akanipita bila hata haraka akafungua begi langu la pembeni, zipu kabisa, akatoa chapati sita alizonifungia mama watoto, akaondoka nazo akiwa amesimama wima. Mi ningefanya nini? Nikafungua mfuniko wa tenki, kwa sababu ndo kitu pekee nilichokuwa najua kufanya. Fyuu. Mafuta yapo. Kiki moja ikawaka. Nikajua dua imejibiwa. Mpaka gesti ya Mikumi nilikuwa nimeshaamua kuacha mambo mengi.

Kesho yake nikaja na nadharia mpya kwamba injini inapata joto. Ilikuwa inaingia akilini, si nikisimama ikipumzika inawaka? Hata bila kugusa kitu, ukiisubiri dakika ishirini hivi inawaka yenyewe. Kwa hiyo nikaifunga taulo lililolowa kwenye silinda, langu la kuogea. Pale bonde la mibuyu watu wa kwenye mabasi walikuwa wananiona nimesimama chini ya mbuyu naimwagia pikipiki maji kama namwogesha mgonjwa, na basi moja lilipunguza mwendo makusudi.

Ruaha Mbuyuni, katikati ya wauza vitunguu, fundi wa tatu. Huyu kijana anajiamini mpaka unaogopa. Mfuniko, fyuu, mafuta yapo. Akalishika lile taulo kwa vidole viwili akaliweka pembeni hakuuliza. Akasema "Mkuu, vavu zimebana. Honda hizi za zamani zikipata moto vavu zinakaza, zinakosa pumzi." Akapima, akalegeza, akafunga, na kweli mlio ulibadilika, ukawa na kelele zaidi, akasema hiyo ndo afya. Elfu ishirini. Akachukua na namba yangu ya simu, anapenda kufuatilia kazi zake.

Basi nikaingia Kitonga. Kwa asiyepajua, Kitonga ni mlima barabara imechongwa ubavuni, huku ukuta wa mawe huku shimo, malori yanapanda kwa mwendo wa konokono na utingo anatembea kwa miguu pembeni na kigogo mkononi, lori likishindwa anakitupia chini ya tairi. Mimi nilizima kwenye kona katikati, nyuma yangu lori la mizigo. Dereva hakupiga honi, alinitazama tu kwa masikitiko. Utingo akaja akaweka kigogo chake kwenye tairi la Honda. Nikasikia aibu ambayo sijui niielezeje. Tukaisukuma wote wawili mpaka penye upana, yeye anacheka mimi nahema, akaniambia "Mzee, Ilula wananunua vyuma chakavu, bei sio mbaya."

Nilifika Ilula saa nane mchana kwa vipande vipande, njaa inaniuma (chapati anazo nyani), nikaiegesha mbele ya mama ntilie mmoja. Kamwene mama. Kamwene baba, karibu, nawa pale. Nje ana dumu la lita ishirini juu ya stuli, limewekwa koki kwa chini. Nikajipaka sabuni mpaka kwenye viwiko maana nimechafuka grisi, nikafungua koki, maji safi. Sasa mi nina tabia moja, kitu kikiwa wazi siwezi kukiacha. Nikaona mfuniko wa dumu umewekwa tu juu umelegea, vumbi la malori linaingia, nikaukaza vizuri. Nikarudi kunawa.

Maji yakapungua. Yakawa uzi. Yakawa matone. Yakakata.

Nikatikisa dumu, zito, limejaa. Nikafungua koki mpaka mwisho. Hakuna. Mama akatoka na mwiko mkononi. "Nani kafunga mfuniko? Ni wewe baba? Sasa maji yatatokaje hewa haiingii?" Akaufungua.

Fyuu.

Maji yakamwagika. Mimi nimesimama pale povu linanitiririka kwenye viwiko, namtazama mama, natazama dumu, nageuka natazama Honda. Yule utingo wa Kitonga naye alikuwa pale anakula ugali, akaniuliza kama nimepatwa na kitu.

Nilipowaeleza mama alikaa chini kabisa kucheka. Kisha akanifanyia hesabu, elfu tano, kumi na tano, ishirini, arobaini hiyo, na wote watatu walichokifanya cha maana ni kufungua mfuniko. "Na mimi je, nimekutengenezea kwa shilingi ngapi?" Nikalipa ugali na maharage kama nimekula mbuzi mzima.

Ikabaki kutoboa ile gundi. Nikachukua msumari nikaenda kuuweka kwenye jiko lake la mkaa upate moto, mfuniko wa petroli nimeushika mkono mwingine, na hapo ndo nilijua ule mwiko haukuwa wa kusongea tu. Nikafukuzwa mpaka ng'ambo ya barabara, nikatobolea kule kwa jiwe. Msumari wenyewe ulikuwa wa inchi nne. Kitundu kikatoka kama cha penseli.

Baada ya hapo Iringa, Mafinga, Makambako, haijakohoa hata mara moja, nilikuwa napita malori naimba. Ila kila tuta petroli inaruka kama chemchemi, suruali, pale pale. Mafinga mvua ikaanza, nikawaza nifunike na mfuko wa plastiki, ilishapigwa marufuku tangu 2019, duka zima hakuna, ikabidi nivue soksi moja niuvalishe mfuniko. Ilifanya kazi vizuri sana.

Njombe nimefika usiku, baridi ile ya kule, bibi na wajukuu wote wamezunguka moto wa kuni jikoni. Nimeinama kuingia tu bibi akainua mkono. "Simama hapo hapo. Huyu ananuka kibatari." Nikatolewa nje na bakuli langu la chai, suruali ikapelekwa mbali kwenye uzio, nikapewa khanga yake nijifunge, nikala chakula mlangoni na soksi moja mguuni huku mbwa akinichunguza.

Simu ikaita. Ni yule kijana wa Mbuyuni.

"Mkuu, umefika salama? Si nilikwambia ni vavu?"

Nikamwambia ni kweli mdogo wangu, zilikuwa ni vavu.