Lori Lililobeba Nondo na Kitanzi Chetu

Kitanzi cha kuhesabia magari hakina sura ya kutisha. Ni mraba wa utepe mweusi wa lami uliobandikwa juu ya barabara, kama mita 2 kwa 2. Ndani ya utepe kuna waya uliozungushwa mara tatu au nne, na ncha zake mbili husokotwa pamoja hadi pembeni, kwenye kisanduku. Umeme mdogo huenda na kurudi humo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Bodi la chuma likipita juu, kasi hiyo hubadilika kidogo, na kisanduku kinaandika: gari. Uzito hakiujui wala hakiutaki. Nalisema hili la uzito mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Vitanzi vya kudumu huchimbiwa mfereji kwa msumeno wa lami, waya ukazikwa humo na kuzibwa. Vyetu vilikuwa vya muda, vya kubandika na kubandua. Viwili, kimoja mbele ya kingine, tukijua umbali kati yake, ili gari likivuka cha kwanza na kisha cha pili tupate na mwendo wake.

Barabara ya kubandikia hutakiwa iwe kavu, isiwe na mchanga wala mafuta. Asubuhi ile ilikuwa imelowa umande. Nikasema. Msimamizi wangu, mzee mwenye imani kubwa na ufagio, akaufagia umande. Umande haufagiliki jamani, unahamishwa tu. Tukabandika kitanzi cha kwanza hivyohivyo, tukakikanyagakanyaga kwa buti, na kila nilipoinua mguu kona moja iliinuka nao.

"Mzee, hii haijashika."

"Iache. Magari yatakuja kuikandamiza."

Cha pili tulikibandika jua limeshapanda na lami imekauka. Hicho kilishika kabla hatujakinyoosha, kikabaki kimepinda upande, na hakuna aliyethubutu kukirekebisha.

Tukaondoa koni. Magari madogo yakapunguza mwendo, yakavuka kwa adabu. Pikipiki ikapita katikati kabisa ya mraba na kisanduku kikakaa kimya. Chuma chake ni kidogo, ingepita karibu na waya pengine ingeonekana. Mzee akaandika daftarini kwa mkono: pikipiki, 1. Akaridhika.

Ndipo lori likaja, mzigo umefunikwa turubai, springi za nyuma zimelala. Dereva akaona mraba mweusi njiani, na pembeni mzee mwenye kizibao cha kung'aa na daftari. Akafunga breki. Magurudumu ya mbele yakasimama juu ya utepe wetu.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo mizani mpya?"

"Marahaba. Si mizani. Inahesabu tu."

"Inahesabu kilo?"

Mtu mwingine angejibu "hapana", akampungia mkono, mambo yakaisha. Mzee wangu anapenda kuelimisha. Akasogea hadi dirishani, akasema kwa upole wa mwalimu, "Haiangalii mzigo, kijana. Inaangalia chuma."

Dereva akanyamaza. Akatazama nyuma kwenye turubai. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nimebeba nondo."

Kabla mzee hajafika kwenye sura ya pili ya somo lake, dereva alikuwa ameshakata usukani hadi mwisho, lori likiwa bado limesimama. Gurudumu likajizungusha palepale juu ya utepe uliobandikwa kwenye umande. Ile kona yangu ikainuka, ikashika tairi kwa mapenzi ambayo haikuwahi kuionyesha barabara, na lori lilipoondoka, kitanzi kizima kikaondoka nalo, kikipigapiga barabarani. Waya wa pembeni ukanyooka, ukakatika. Kisanduku kilisalimika kwa vile kilifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya alama.

Mzee akatoka mbio na bendera nyekundu, akipaza sauti, "Simama! Rudisha!" Sasa jiweke kwenye nafasi ya dereva: umezidisha mzigo, unatazama kioo, unaona mtu wa mizani anakukimbiza na bendera. Alibadilisha gia, akapotea.

Tukaamua cha pili kiendelee kuhesabu peke yake. Tulirudi kukibandua kesho yake, saa sita mchana, muda mbaya kuliko yote, maana utepe wa lami ukipata joto haubanduki, unavutika kama chingamu. Nilivuta ncha moja mpaka nikafika ukingoni mwa barabara, na ile nyingine ilikuwa haijui kama kazi imeanza. Glavu zikabaki barabarani. Nikapiga goti nikwangue kwa chepe. Goti nalo likabaki. Gari likapiga honi nyuma ya koni, mzee akalionyesha bendera na kulitangazia, "Subirini, kijana amenasa!" Suruali ile nilikuja kuikata juu ya goti.

Ofisini wakafungua takwimu. Kisanduku chetu, waya ukikatika, hakisemi umekatika. Kinaonyesha gari lipo. Kwenye taa za barabarani hiyo ni busara, kwani bora taa iite gari lisilokuwepo kuliko kumsahau mtu kwenye nyekundu. Kwetu sisi ilimaanisha kwamba gari moja lilipanda kitanzi cha kwanza asubuhi, likalala pale mpaka kesho yake mchana, huku mamia ya magari yakivuka cha pili bila hata moja kupita cha kwanza.

Bosi akasoma mara mbili, akavua miwani.

"Haya ya cha pili yalitokea wapi?"

Tukatazama sakafu.

"Na hili lililolala hapa usiku kucha, lilikuwa na nini?"

Mzee akakohoa. "Nondo, bosi."